Ng'onda wa Shangazi Somoe

Mwanangu Mwajuma,

Kwa masikitiko makubwa na kwa heshima zote zinazostahili, nyumba hii inatangaza kwamba paka Karani, mkaazi wa Mtoni, umri haujulikani, leo baada ya adhuhuri aliugusa ule uji wa mchele kwa ncha ya ulimi, akautazama, akanitazama mimi, kisha akaufukia. Aliufukia kwa mguu wa nyuma, kama anavyofukia vitu vyake vingine. Hii ni mara ya tatu tangu jana. Madaktari wake, ambao ni mimi peke yangu, wamekutana na kuamua kwamba mgonjwa aendelee na uji mpaka tumbo lake litulie.

Basi hiyo ndiyo habari kubwa ya leo. Nyingine ni kwamba kesho unaondoka kwenda Lindi kusomea unesi.

Nakuandikia nikiwa barazani. Wewe na mama yako mmekwenda Temeke kuaga, na nawajua: kila nyumba mtalazimishwa kunywa chai. Mpaka mrudi nitakuwa nimemaliza. Barua hii nitakupa mkononi kesho ukishapanda gari la Lindi na dereva akishatia moto, yaani wakati ambapo huwezi tena kushuka ukaniuliza maswali. Utaisoma njiani. Pale kwenye kivuko cha Rufiji watu hungoja sana, utapata nafasi ya kuirudia.

Maagizo ya kawaida sitakupa. Mama yako amekwisha kukupa, na yalipofika kumi na saba nikaacha kuhesabu. Mafuta ya nazi yamo kwenye chupa ya pembeni, usitembee jioni peke yako, manesi wakubwa uwaamkie hata wakikununia, nguo nyeupe uzifue mbali na za rangi. Yote sawa. Nina neno na agizo moja tu kati ya hayo, lile alilokupa kwa sauti ya chini mkiwa jikoni, nami nikiwa ukutani upande wa pili najifanya nanoa kisu. Alikwambia: "Kwa Somoe utalala, kwa kuwa ni shangazi yako na hatuna mwingine Lindi. Lakini chakula chako jipikie. Usile cha mkononi mwake."

Hukuuliza kwa nini. Huna haja. Katika nyumba hii kila mtu anajua kwamba Shangazi Somoe ndiye aliyekulisha samaki wa chumvi ulipokuwa mgonjwa, nusura ufe. Umekua ukilisikia kama unavyosikia kwamba Pugu kuna milima. Nami naliandikia barua jambo hilo, kwa sababu huwezi kwenda kukaa kwa mtu ukiwa unaogopa sufuria yake, kabla hujajua habari yenyewe ilivyokuwa.

Lakini nianzie kwa mbwa. Unanijua, siwezi kueleza jambo lolote la binadamu bila kuanzia kwa mnyama.

Ulipokuwa mdogo, vita vilikuwa vimekwisha karibuni, nami nilikuwa mtumishi katika banda la wanyama wagonjwa. Kazi yangu ilikuwa kushika. Ng'ombe anachomwa sindano, nashika. Punda anakatwa kwato, nashika. Baadaye Bwana Mifugo, yule Mzungu mwenye shingo ndefu, aliona kwamba wanyama waliolishwa na mimi walikuwa wakila, akanipa jiko. Jiko lenyewe mafiga matatu nyuma ya banda na sufuria moja yenye mkono uliofungwa kitambaa chekundu, ili mtu yeyote asije akaichukua kwa bahati mbaya. Ilikuwa sufuria ya mbwa. Hapa kwetu Mtoni kitambaa kile kilikuwa maarufu kuliko mimi.

Unajua sie na mbwa. Kila siku kabla ya kurudi nilikuwa najiosha mara saba, moja kwa udongo, nabadili nguo, na bado mama yako alikuwa ananingoja mlangoni na ndoo ya maji, nakoga tena. Nadhani katika miaka ile hapakuwa na mwanamume msafi kuliko mimi kutoka hapa mpaka Segerea. Wala haikusaidia. Mwinyimvua, jirani yetu, alikuwa akiniona tu anapaza sauti: "Shikamoo Daktari wa Mbwa! Jeki leo kala nini? Maana mie nimelalia muhogo mkavu."

Jeki alikuwa mbwa wa bibi mmoja wa Kizungu. Mzee, rangi ya mchanga, amekonda, anakunywa maji kama mtu aliyevuka jangwa, na pumzi yake ilikuwa inakutangulia kukusalimia. Bwana Mifugo akasema figo zake zimechoka. Dawa ya maana hakuna, alisema, ila chakula. Akaniandikia karatasi: mchele uliochemshwa mpaka ukalainika, yai, kuku kidogo sana asiye na mafuta, apewe kidogo kidogo mara nne kwa siku. Mifupa hapana. Mabaki ya mezani hapana. Chumvi hapana kabisa, hata ya kuonja.

Wiki sita, Mwajuma. Kwa wiki sita mbwa yule hakuonja chumvi. Siku za mwanzo aligoma. Alikuwa anaweka kidevu juu ya sahani na kunitazama kwa macho ambayo, wallahi, Mwinyimvua mwenyewe angemwonea huruma. Nikakaa juu ya ndoo nikamtazama vilevile. Kulipokucha akala. Yule bibi mwenyewe alikuja mara mbili na biskuti za chumvi kwenye mkoba. Mara ya pili nilisimama mlangoni nikaeneza mikono: "Hapana, memsabu." Mwafrika, mlangoni, anamzuia Mzungu asimwone mbwa wake. Akapiga kelele, akamwita Bwana Mifugo, na Bwana Mifugo akacheka akasema mimi ndiye mtu mwenye moyo mgumu kuliko wote hapa Temeke.

Nililichukua kama sifa. Jeki alinenepa kidogo, akaanza kutikisa mkia, akarudi kwao, akaishi miaka miwili zaidi akiuma watu wa posta. Nami nikaanza kutembea kama mtu aliyesomea udaktari ng'ambo. Barazani kwa kinyozi nilikuwa nikitoa maoni juu ya matumbo ya watu wazima ambao hawakuniuliza.

Halafu ukaugua wewe.

Ulikuwa na miaka sita. Ulianza na koo, na vidonda miguuni, vikapona, tukasahau. Baada ya kama wiki mbili ukaamka uso umejaa. Mama yako akadhani umelalia upande mmoja. Kesho yake miguu nayo, ukibonyezwa kidole kinaacha shimo, na mkojo wako rangi ya maji yaliyooshewa nyama. Tukakupeleka hospitali. Daktari alikuwa Mhindi mmoja mpole, akakutazama macho, akakubonyeza miguu, akatazama mkojo kwenye chupa, akatuambia figo zako zimeumia, zipewe nafasi ya kupumzika. Ulale. Upewe wali laini, uji wa sukari, ndizi, matunda. Nyama isubiri mpaka yeye atakaposema. Samaki mkavu ndiye usimsogelee. Na chumvi hapana kabisa, hata ya kuonja.

Niliposikia maneno yale, yaleyale, nilikaribia kucheka kwa furaha. Nikamwambia, "Daktari, kazi hiyo naijua."

"Umejifunza wapi?"

"Kwa Jeki."

Akaandika kwenye karatasi yake kwamba baba ana ujuzi. Nafikiri aliamini Jeki ni daktari mwenzake.

Tukarudi nyumbani nami nikashika jiko. Mama yako nilimsogeza pembeni kwa mkono, hivi, kama mtu anayefukuza kuku. Nikapika kama nilivyompikia Jeki, kwa kipimo kilekile na saa zilezile: mchele umechemka mpaka umekuwa kama gundi, hauna nazi, hauna kitunguu, hauna kitu. Rangi ya majivu. Nikaweka mbele yako sahani ya bati, nikakaa juu ya kigoda nikakutazama. Sie wengine tulikuwa tunakula chumba cha pili, mchuzi wa kawaida, na harufu ilikuwa inapita chini ya pazia kama kawaida ya harufu.

Siku ya kwanza ulikula. Ya pili ulikula nusu. Ya nne ukafunga mdomo.

Na kosa kubwa zaidi nililifanya kwa kinyozi. Niliwaambia, kwa majivuno, kwamba mtoto wangu namlisha kama nilivyomlisha mbwa wa memsabu, na kama mbwa alipona na yeye atapona. Neno likatoka pale likaenda kisimani, likatoka kisimani likaingia kwa watoto. Likifika kwa watoto limeshakuwa na kitambaa chekundu: kwamba nimekuja nayo ile sufuria, ndiyo ninayokupikia. Wakawa wanasimama dirishani: "Mwajuma mbwa wa Mzungu! Mwajuma mbwa wa Mzungu!" Mama yako alilia. Alinishikisha msahafu niape kwamba sufuria ile haijavuka kizingiti chetu. Nikaapa, na ilikuwa kweli, ila kiapo changu hakikufika dirishani.

Ndipo akaja Shangazi Somoe kutoka Lindi. Unamkumbuka kidogo, nadhani: mrefu, ana mwanya, akicheka anapiga kofi paja la mtu aliye karibu. Ni mdogo wangu, tumbo moja, na tangu utoto hakuna aliyenitania kama yeye. Alisikia unaumwa akapanda gari na kikapu kikubwa: korosho, asali kwenye chupa, na ng'onda, wale samaki waliopasuliwa wakatiwa chumvi wakakaushwa juani, ambao yeye hufanya biashara yao. Harufu yao ilitangulia kuingia. Akakutazama pale mkekani, akatazama sahani ya bati, akaniambia mbele ya mama yako na mbele ya Mwinyimvua: "Kaka, mtoto huyu unamlea au unamfuga?"

Watu wakacheka. Mimi nikamkemea, nikamsomea karatasi ya daktari kutoka juu mpaka chini. Akanisikiliza, akachukua kikapu akakiweka juu ya kabati, akasema, "Haya, Daktari. Mie sina neno. Kama chumvi ni sumu yake, ng'onda wangu wakae juu huko mpaka atakapopona." Hilo la pili hakuna anayelikumbuka. Wote wanakumbuka lile la kwanza.

Baada ya siku nane ulivimba tena, mara hii mpaka macho yakafunga. Ukalalamika kichwa. Asubuhi, mama yako anakufunga khanga, ukakaza mwili na degedege likakushika. Hakukuwa na gari. Nikakimbia mpaka bandani, Bwana Mifugo akatoa gari la kubebea ndama, na ndilo lililokupeleka hospitali, umelala kwenye majani makavu, kichwa chako mapajani kwa mama yako. Siku ile hakuna aliyesema neno juu ya wanyama na watu.

Daktari alituambia mambo mawili. Kwamba hajui kama utafika kesho. Na kwamba mtoto huyu amekula chumvi.

Mama yako alirudi nyumbani kuchukua nguo, akanyanyua mkeka wako aukung'ute. Chini yake kulikuwa na miiba na ngozi ya ng'onda. Akavikusanya kwenye pindo la khanga, akatoka navyo uani alikokuwa Somoe anafua nguo zako, akalifungua pindo. Sitakuandikia aliyosema. Alikuwa mama wa mtoto anayekufa. Siku hiyohiyo Somoe alifunga kikapu chake akaondoka, na tangu hapo hajaingia tena katika nyumba hii, si arusi, si msiba. Imekuwa miaka kumi na mitatu.

Hiyo ndiyo habari unayoijua.

Ulikaa hospitali wiki tatu. Uliporudi, mwembamba kama ufito, mama yako alichukua jiko lake bila kuniomba. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchukua kibuyu cha chumvi akampelekea Mwinyimvua: "Kaa nacho. Ukinipa kabla sijakiomba tutakosana." Kisha akatandika jamvi moja, sinia moja. "Kuanzia leo," akasema, "nyumba hii haina chumvi. Anachokula Mwajuma ndicho tunachokula."

Mwanangu, mimi nilikuwa mtaalamu wa jambo hili, lakini kula bila chumvi sikuwahi kula. Tonge la kwanza nilidhani ulimi wangu umekufa. Nilikunja uso, na wewe ukaniona, ukacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chako tangu uugue. Ukala tonge ili unionyeshe wewe unaweza. Nikala la pili nikakunja uso zaidi kuliko lilivyostahili. Tulimaliza sinia kwa namna hiyo.

Na mama yako alifanya yale ambayo karatasi ya Bwana Mifugo haikuyasema, kwa kuwa mbwa hayahitaji. Kitunguu alikikaanga polepole mpaka kikawa rangi ya kahawa, kikatoa utamu wake. Tui alilikamua zito. Ndimu juu ya kila kitu, tangawizi, embe bichi lililokunwa. Daktari alipokuruhusu samaki mbichi, alimpaka ndimu na kitunguu saumu akambanika kwenye jani la mgomba, na Mwinyimvua aliyepita akala robo nzima ndipo akasema, "Lakini kama kuna kitu kimepungua." Wiki tano tuliishi hivyo. Mkojo ukasafika, miguu ikarudi, na daktari yuleyule akakupiga kidogo mgongoni akasema sasa ale kama watoto wenzake.

Tangu siku zile nimewalisha wanyama wengi, na majirani kadhaa walionikubalia: mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mzazi aliyekaukiwa maziwa. Ninachokijua hakijazi kiganja. Mgonjwa ukimtenga na sinia umemwongezea ugonjwa. Mnyama hajui wenzake wanakula nini. Mtu anajua, na kama hajui atanusa. Ukimwondolea ladha moja, mtafutie nyingine siku hiyohiyo, usimwambie avumilie mpaka wiki ijayo. Zaidi ya hapo utafundishwa huko unakokwenda, na watu waliosoma, ambao sitaki waseme baba yako ni Daktari wa Mbwa, ingawa watakuwa wanasema kweli.

Ila kuna kitu kimoja ambacho nadhani hawatakufundisha. Siku moja wodini utanyanyua mto wa mgonjwa ukute kipande cha samaki, au sambusa, au muwa. Utakasirika, kwa kuwa utakuwa umeshinda siku nzima ukimlinda mgonjwa huyo. Utageuka kutafuta wa kumlaumu, na pembeni pale atakuwapo ndugu mmoja msema hovyo, aliyewahi kutamka mbele ya watu kwamba hospitali inawanyima wagonjwa chakula. Usimrukie. Tazama kwanza yule mwingine, anayetikisa kichwa wakati wewe unagomba, anayesema kweli nesi, kweli, watu hawasikii.

Karani amepita hapa sasa hivi. Anatoka upande wa Mwinyimvua, analamba masharubu, ananuka samaki. Mgonjwa wangu. Nimemtazama, amenitazama, hatukuulizana.

Basi ilikuwa hivi.

Siku ya pili tangu Somoe afike, mama yako alikwenda kuteka maji, Somoe alikwenda kusalimia watu wa kwao Lindi walioko upande ule wa barabara. Tulibaki wawili. Nilikuletea sahani ya bati. Watoto walikuwa wamepita dirishani muda si mrefu na wimbo wao. Hukulia. Uliniuliza tu, kama unavyouliza saa ngapi: "Baba, mie ni mtu?"

Nikasema wewe ni mtu.

"Basi mbona nakula cha mbwa?"

Nilikuwa na jibu. Karatasi ya daktari ilikuwa mfukoni. Mlangoni kwa Jeki nilieneza mikono nikamzuia memsabu, na memsabu alikuwa na uwezo wa kunifukuzisha kazi. Nikainuka, nikafikia juu ya kabati, nikavunja kipande cha ng'onda kiasi cha kidole gumba, nikakipuliza vumbi, nikakupa. Ulikula polepole. Uso wako ulivyokuwa siwezi kuuandika. Nikajiambia kipande kimoja si kitu, na mtoto akipata nguvu ya moyo mwili utafuata.

Ningependa kukuandikia kwamba ilikuwa mara moja. Wengi wanaokiri hukiri mara moja. Ilikuwa mara tatu, siku tatu tofauti. Mara ya pili nilikuomba usimwambie mama. Mara ya tatu hukuwa umeomba. Nilikuletea mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuupenda uso ule. Kilichobaki ulikificha chini ya mkeka, nami niliona unakificha.

Mara hiyo ya tatu Somoe alirudi kuchukua mtandio aliousahau. Alisimama kwenye pazia. Aliuona mkono wangu ukiwa ndani ya kikapu chake. Alitaka kusema, nikajiwekea kidole mdomoni, akarudi nyuma akaondoka. Baadaye alinivuta uani: "Kaka, karatasi uliisoma mwenyewe." Nikamwambia, mie ndiye ninayejua kazi hii. Sikukupa tena. Lakini ulikuwa umeshakula.

Mama yako alipotoka uani na miiba kwenye pindo la khanga, mimi nilikuwa hapohapo, hatua tano, nimerudi kuchukua ndoo. Somoe alinitazama. Alinisubiri. Nilihesabu baadaye kwamba nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema maneno mawili, ni mimi, na ningepata hata nafasi ya kuyarudia. Nikainama nikaanza kuosha ndoo, ambayo ilikuwa safi.

Nilimsindikiza mpaka barabarani nimembebea kikapu. Tulisimama pale kungoja gari mpaka likaonekana. Ndipo akasema, "Nikimwambia mkeo Zena ataondoka na mtoto kwenda kwao. Na huyo mtoto alivyo, akiamka, anahitaji kuwakuta wote wawili. Utamwambia mwenyewe, siku utakayoweza." Akapanda. Alidhani, nafikiri, kwamba ni suala la wiki moja.

Kila nilipokuwa tayari kusema palikuwa na sababu. Kwanza ulikuwa bado hospitali. Kisha ulikuwa umepona, na furaha ilikuwa nyingi, nani aiharibu. Kisha habari ilikuwa imezoeleka, ikawa kama ukuta ambao watu wametundikia vitu. Sijui kama wewe mwenyewe unakumbuka. Degedege huchukua vitu. Sikukuuliza hata siku moja, kwa kuwa niliogopa utajibu.

Mama yako nitamwambia kesho, gari likishapita daraja. Unanijua nilivyo, ndiyo maana nimekuandikia kwanza, ili nisiwe na njia ya kurudi. Sikuombi unifichie na sikuombi lolote lingine kwa ajili yangu. Kama hutaniandikia muda fulani, nitaelewa, nitaendelea kukuletea habari za Karani.

Kilichonifanya nishike kalamu ni barua ya Somoe, ile niliyokusomea mwezi uliopita alipokubali ukae kwake. Kuna mstari wa mwisho sikukusomea. Anasema: "Mwambieni Zena asiwe na hofu juu ya mtoto. Tangu niliposikia anakuja nimetoa chumvi jikoni, na biashara ya ng'onda nimeihamishia kwa jirani, nyumbani hamna hata kichwa."

Miaka kumi na mitatu, Mwajuma, na wewe unakula chumvi kama sisi sote tangu ukiwa na miaka saba. Hakuna aliyemwandikia kumwambia.

Basi ukifika, muamkie, mpe zile khanga mbili. Atakuandalia chakula, na kitakuwa hakina ladha, na atakaa mbali kidogo akikutazama unavyokula. Mwombe chumvi. Kisha mwombe aende kwa jirani akalete ng'onda mmoja, mkubwa, aliyepasuliwa kwa mkono wake. Mbanikeni. Kaa naye sinia moja, ule mbele yake, polepole, mpaka umalize, akuone.

Ni mimi baba yako,
Daktari wa Mbwa, Mtoni